Seva imeamka, mtandao bado umelala

Mvua zimeanza Lubumbashi, na kila mwaka mvua zikianza barua zenu hubadilika. Kiangazi mnaniuliza habari za vumbi ndani ya mashine na betri za simu. Mvua zikija mnaniuliza kwa nini seva iliyokuwa nzima jana jioni leo asubuhi haimjibu mtu. Umeme unakatika, unarudi, unakatika tena, na kila ukirudi mashine zote za nyumba zinaamka wakati mmoja, kila moja na mwendo wake. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nitakaa nayo muda mrefu, kwa sababu ina jambo lililonichukua miaka kulielewa, na sitaki liwachukue ninyi miaka hiyo.

Jambo Yaya. Ninaangalia kompyuta za duka moja la dawa hapa Kamalondo. Seva ni Debian 12 (aina ya Linux) yenye hifadhidata ya PostgreSQL, na kompyuta nne za kaunta zinaifikia kwenye 192.168.10.5. Anwani hiyo inatolewa na ruta, nimeifungia seva. Mtandao unasimamiwa na NetworkManager. Umeme ukikatika na kurudi, seva inawaka, systemctl inaonyesha "active" kwa kijani, lakini kaunta zote zinakataa kuunganishwa. Nikiandika systemctl restart postgresql, kila kitu kinarudi. Niliongeza After=network.target, nikawasha upya seva mara kumi, na mara zote kumi ilifanya kazi. Umeme ukikatika, tatizo lile lile. Mwenye duka ameanza kusema sijui kazi. Nisaidie.

Mdogo wangu, pole sana. Kazi unaijua. Kinachokudanganya ni zile mara kumi.

Ukiwasha upya seva peke yake, swichi na ruta zinabaki macho. Seva inaamka, inakuta waya una uhai, ruta iko tayari na anwani mkononi, na baada ya sekunde chache 192.168.10.5 ni yake. Umeme ukikatika, vyote vitatu vinalala pamoja na kuamka pamoja. Seva yenye diski ya SSD inaweza kumaliza kuamka ndani ya sekunde 20. Ruta ndogo nilizozipima kwa saa yangu ya mkononi, mezani kwangu, nyingi zilitaka dakika nzima na zaidi kabla ya kugawa anwani ya kwanza. Kwa hiyo PostgreSQL yako inaamka kwenye nyumba ambayo bado haina jina barabarani.

Sasa fungua /var/log/postgresql/postgresql-15-main.log, utafute saa ile umeme uliporudi. Nina hakika kubwa utakuta mstari huu: could not bind IPv4 address "192.168.10.5": Cannot assign requested address. Maana yake PostgreSQL iliomba kusikiliza kwenye anwani hiyo, na kerneli, moyo wa Linux, ikajibu kwamba mashine hii haina anwani kama hiyo. Ilikuwa kweli kwa dakika ile. Na hapa ndipo kijani chako kinapotoka. Nakisia kwamba kwenye listen_addresses umeandika localhost na 192.168.10.5, kama wengi wanavyofanya. PostgreSQL ikishindwa anwani moja na kuipata nyingine, inaandika onyo na kuendelea. Inakataa kuwaka pale tu ambapo zote zimeshindikana. Yako ilipata localhost, ikaridhika, ikajitangaza nzima. Ni nzima kweli, ila inasikiliza ndani tu, na kaunta ziko nje. Haitarudi kuijaribu ile anwani ya pili mpaka uiwashe upya, ndiyo maana restart inaponya.

Jambo la After=network.target. Hili nataka lisomwe na kila fundi anayelipokea gazeti hili, kwa sababu naliona kwenye seva nusu ya zile ninazoitwa kutibu. Jina linadanganya. systemd, programu inayowasha na kuzima huduma za Linux, ina vituo vya kuamka viitwavyo shabaha, na shabaha ya network.target haisemi mtandao upo. Inasema programu inayosimamia mtandao imeshaanzishwa, basi. Fikiria bukari, ugali wetu. Kuweka sufuria juu ya mbabula, jiko la makaa, ni jambo moja, maji kuchemka ni jambo jingine. Mtu anayemwaga unga pale tu anapoona sufuria iko juu ya makala, hata uji hapati. network.target ni sufuria juu ya mbabula.

Kwa nini basi ipo? Faida yake kubwa ni wakati wa kuzima. systemd inazima huduma kwa kugeuza mpangilio wa kuwasha, kwa hiyo huduma iliyowekwa baada ya network.target inazimwa kabla mtandao haujaondolewa, inapata nafasi ya kuagana na wateja wake. Na usingehitaji hata kuuongeza mstari huo: faili la Debian la postgresql@.service tayari unao, na juu yake wameandika maelezo kwamba ni kwa ajili ya kuzima. Nakuomba uyasome maelezo hayo kwa systemctl cat postgresql@15-main.service. Utaona pia kwamba postgresql.service isiyo na alama ya @ ni mwavuli tu, haiwashi hifadhidata yoyote. Ukiandika marekebisho yako kwenye mwavuli, huduma yenyewe haitayaona.

Shabaha ya maji kuchemka inaitwa network-online.target. Hiyo inangoja kweli, na kwa kawaida maana yake ni kwamba mashine imepata anwani inayoweza kutumika. Lakini inataka mistari miwili, si mmoja: After=network-online.target na Wants=network-online.target. Wengi wanaandika wa kwanza na kuusahau wa pili. After ni utaratibu wa kuingia: inasema kama fulani anakuja, mimi nitaingia nyuma yake. Haimwaliki. Wants ndiyo kadi ya mwaliko, nayo haisemi lolote juu ya nani atangulie. Ukitoa kadi bila utaratibu, mnaingia mlangoni bega kwa bega. Ukipanga utaratibu bila kadi, unamfuata mtu ambaye huenda hakuitwa kabisa, na wewe unapita peke yako ukidhani umemsubiri. Hata Requires, ambayo ni kadi yenye masharti makali zaidi, haipangi utaratibu bila After.

Weka mistari hiyo kwa systemctl edit postgresql@15-main.service, katika sehemu ya Unit. Usiguse faili la asili lililoletwa na Debian, kwa sababu sasisho linalofuata litaliandika upya. Halafu uhakikishe kuna anayengoja kweli: systemctl is-enabled NetworkManager-wait-online.service. Kama imezimwa (na kuna watu huizima ili mashine iwake haraka), network-online.target inafikiwa papo hapo kama mlango usio na bawabu.

Ningeweza kuishia hapo, na mafundi wengi huishia hapo. Kwa duka lako haitoshi. Huyo bawabu naye hangoji milele. Kwa mipangilio ya kawaida anangoja sekunde 60, kisha anaacha njia wazi, awe ameuona mtandao au hajauona. Tena akikuta waya hauna uhai kabisa, kwa sababu swichi bado haijaamka, anaweza kuhitimisha mapema zaidi kwamba hapa hakuna la kungojea. Ongeza na swichi yenyewe. Kama ni ile inayosimamiwa na inatumia mfumo wa zamani wa kuzuia vitanzi, kila mlango unapopata uhai unakaa sekunde 15 ukisikiliza na sekunde 15 nyingine ukijifunza, kabla haujapitisha hata pakiti moja ya seva. Taa ya kijani inawaka, na kwa sekunde 30 hakuna kinachopita. Ombi la anwani linapotelea humo. Kwenye milango inayoelekea kompyuta na seva, iambie swichi kwamba huo ni mlango wa mwisho. Mipangilio mingi huita edge au portfast. Mlango unaoelekea swichi nyingine usiuguse.

Unaona tunavyozidi kuongeza walinzi. Kila mlinzi anakisia muda wa mwenzake. Mimi ningeondoa sababu ya kungoja. Andika listen_addresses = '*'. Alama hiyo inasema sikiliza kwenye anwani yoyote ambayo mashine inayo sasa au itapata baadaye. Kerneli haihitaji anwani iwepo ili kukubali hilo, kwa hiyo PostgreSQL inaweza kuamka hata kama ruta italala mpaka kesho, na dakika ile 192.168.10.5 inapofika, kaunta zinaingia bila mtu kugusa kitu. Kuhusu usalama, mipaka yako iandike kwenye pg_hba.conf: host all all 192.168.10.0/24 scram-sha-256, na usiache mstari mwingine unaofungulia dunia. Weka pia ukuta wa moto (firewall) unaoruhusu mlango 5432, ule wa PostgreSQL, kwa mtandao wa duka tu. Ukuta huo ndio pekee unaotakiwa kutangulia mtandao. Kwa ajili yake kuna network-pre.target, nayo huduma ya ukuta wa moto hupangwa Before yake.

Kuna programu nyingine zisizojua ile alama ya nyota, zinang'ang'ania anwani moja tu. Kwa hizo Linux ina ruhusa iitwayo net.ipv4.ip_nonlocal_bind, ukiiweka 1 kwenye /etc/sysctl.d, programu inakubaliwa kushika anwani ambayo bado haijafika. Ninaitumia pale nisipokuwa na njia nyingine, kwa sababu inaficha pia kosa la kuandika anwani vibaya.

Sasa jaribio. Jioni duka likifungwa, omba ruhusa kwa mwenye duka asimame hapo hapo aone. Zima seva kwa utaratibu, kisha kata swichi kuu ya ukutani ili seva, swichi na ruta zipoteze umeme pamoja. Hesabu hadi 30. Rudisha. (Hakikisha kwanza seva imewekwa iwake yenyewe umeme ukirudi.) Usiguse kibodi. Nenda kaunta, subiri ruta iamke, jaribu kuuza dawa moja. Fanya hivyo mara tatu. Niliwahi kuacha kliniki moja ya Kampemba nikiwa nimewasha upya seva tu, nikaondoka nikiwa na furaha. Siku ya pili saa kumi na moja alfajiri muuguzi alinipigia akiwa na wagonjwa mlangoni na mafaili hayafunguki. Sauti yake bado naisikia, na tangu siku hiyo sikabidhi seva kabla ya kukata umeme wa chumba kizima.

Jambo Mama. Mimi ni mwalimu, Ruashi. Nilisoma mahali kwamba nitumie network-online.target, nikaitumia. Sasa seva ya shule inachukua dakika mbili na zaidi kuwaka, zamani ilikuwa nusu dakika. Ina milango miwili ya mtandao, mmoja hautumiki. Je, nirudi nyuma?

Usirudi nyuma, mwalimu. Dakika zako mbili ni sekunde 120 kamili, na hiyo ni saini ya systemd-networkd-wait-online. Huyo anataka kila mlango anaousimamia uwe umekamilika, na mlango wako mtupu hautakamilika kamwe. Andika systemd-analyze critical-chain uone mnyororo wa waliongojana. Jina lake litakuwa hapo na muda wake pembeni. Wengi hutumia systemd-analyze blame, ambayo inapanga huduma kwa muda zilizochukua, lakini huduma iliyochukua dakika mbili huenda haikumchelewesha mtu yeyote. Mnyororo ndio unaonyesha nani alimsubirisha nani.

Dawa: kwenye faili la .network la mlango ule mtupu, sehemu ya Link, weka RequiredForOnline=no. Au rekebisha huduma yenyewe imwite kwa --interface= na jina la mlango unaotumika. Kuna pia --any, inayoridhika na mlango wowote mmoja. Inafaa kwa shule, haifai kwa mashine ambayo ina mlango wa ndani na wa nje na huduma inahitaji ule wa nje hasa.

Na jiulize swali moja kabla ya yote: ni huduma ipi shuleni iliyoleta kadi ya mwaliko? systemctl list-dependencies --reverse network-online.target itakutajia. Kama ni tovuti ya ndani inayosikiliza kwenye anwani zote, haihitaji kungoja chochote. Kama ni folda za wanafunzi zinazotoka seva nyingine kwa NFS (njia ya kushiriki folda mtandaoni), ongeza x-systemd.automount na nofail kwenye mstari wake wa /etc/fstab. Folda itafunguliwa mtu wa kwanza atakapoigusa, na kuamka kwa mashine hakutaitegemea.

Yaya, redio yetu ndogo ina Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo, inayochukua vipindi kutoka intaneti kila alfajiri. Umeme ukikaa umekatika usiku, asubuhi inasema cheti cha tovuti bado hakijaanza kutumika. Intaneti ipo, naipima kwa ping na inajibu. Tumeshaweka network-online kama ulivyofundisha.

Barua hii nimeipenda, kwa sababu inaonyesha kwamba kuwa na mtandao ni ngazi, na watu husimama kwenye ngazi ya pili wakidhani wamefika juu. Waya una uhai. Halafu kuna anwani. Halafu njia ya kutoka nje. Halafu majina yanatafsirika. Halafu saa ni sahihi. Ninyi mmekwama ngazi ya saa.

Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Ikikosa umeme haijui muda umepita kiasi gani. Inachojua ni saa ya mwisho iliyoandikwa kwenye kadi yake ya kumbukumbu kabla ya giza, na inaamka ikiamini kwamba ndiyo sasa hivi. Cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kama tovuti ilipewa cheti kipya usiku ule mashine yenu ikiwa imelala, kwa mashine yenu cheti hicho ni cha kesho, na inakikataa. Inafanya haki yake.

Ngazi hii nayo ina shabaha yake, time-sync.target, na ina ugonjwa ule ule: bila bawabu haimaanishi kitu. Kama mnatumia systemd-timesyncd, washeni systemd-time-wait-sync.service. Kama mnatumia chrony, bawabu ni chrony-wait.service. Kisha kwenye huduma inayochukua vipindi wekeni Wants na After kwa time-sync.target pia.

Tahadhari mbili, na zote ni nzito kwa redio. Bawabu wa timesyncd hana kikomo cha kungoja. Intaneti ikikosekana siku nzima, atangoja siku nzima, na kila aliye nyuma yake pia. Kwa hiyo mfungeni yule anayechukua vipindi peke yake. Programu inayopiga muziki na kupeleka sauti kwenye mtambo msiifunge hata kidogo. Iwake na ipige vilivyomo kwenye diski. Watu wa mtaa wanaotegemea redio yenu kujua saa ya kwenda kazini hawapaswi kunyamaziwa kwa sababu ya cheti. Ya pili: kama mmewasha ukaguzi wa sahihi za majina, DNSSEC, nazo zina tarehe. Saa ikiwa mbaya, majina hayatafsiriki. Na seva ya saa mmeiandika kwa jina, kwa hiyo saa nayo haipatikani. Vunjeni duara hilo kwa kuandika angalau chanzo kimoja cha saa kwa namba, kwa mfano ruta yenu kama inatoa huduma hiyo. Na mkipata pesa, nunueni kisaa kidogo chenye betri cha kuchomeka kwenye Pi. Raspberry Pi 5 inayo saa ndani, ila betri yake mnaiweka wenyewe.

Dogo la mwisho: hakikisheni eneo la saa ni Africa/Lubumbashi. Nimekuta mashine nyingi hapa zimewekwa Kinshasa, na sisi tuko saa moja mbele yao. Kosa hilo haliharibu vyeti, lakini kipindi cha saa kumi na mbili alfajiri kitarushwa saa moja asubuhi.

Habari Mama. Ninasoma informatiki hapa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Nimeandika huduma ya Python inayosoma ujumbe na kuuweka kwenye hifadhidata iliyo mashine nyingine. Nimeweka Restart=on-failure, lakini asubuhi naikuta imekufa, imeandikwa "Start request repeated too quickly". Si niliiambia ijiwashe tena?

Uliiambia, mwanangu, nayo ilitii upesi mno. Usipoandika RestartSec, systemd inangoja milisekunde 100 tu kabla ya kuiwasha tena. Na ina sheria nyingine: huduma ikiwashwa mara 5 ndani ya sekunde 10, ikashindwa, inaachwa. Fanya hesabu. Python yako inaamka, haikuti hifadhidata, inaanguka, mara tano. Kabla ruta haijamaliza hata kuwasha taa zake, nafasi zako zote zimekwisha.

Weka RestartSec=5. Ndani ya sekunde 10 itakuwa imejaribu mara mbili au tatu tu, haifiki tano, kwa hiyo haitaachwa hata usiku mzima ukipita. Ukitaka kuondoa shaka kabisa, StartLimitIntervalSec=0, lakini hiyo inakaa sehemu ya Unit, si Service. Wengi wanaikosea hapo na systemd inaipuuza kwa onyo dogo kwenye kumbukumbu.

Hiyo ni kinga ya nje. Wewe mwandishi una nafasi ambayo fundi wa Kamalondo hana, maana programu ni yako. Hifadhidata iko mashine nyingine, na hakuna mstari wa systemd kwenye mashine yako unaoweza kujua kama mashine ile imeamka. Mpangilio wa kuwasha unaishia kwenye kuta za mashine moja. Tena unahusu dakika ya kuamka peke yake. Hifadhidata ikizimwa saa nane mchana, After haina la kukusaidia. Kwa hiyo andika ndani ya programu: jaribu kuunganisha, ukishindwa ngoja sekunde 1, kisha 2, kisha 4, mpaka ufike 60, ukae hapo. Ongeza sekunde chache za bahati nasibu ili mashine kumi zisigonge mlango kwa mpigo mmoja. Ujumbe unaoingia wakati huo uandike kwenye diski. Mtu aliyetuma ujumbe saa ile ya giza naye anautegemea.

Na kama kuna huduma nyingine inayoisubiri yako, tumia Type=notify na utume READY=1 pale ambapo uko tayari kupokea kazi. Ukibaki na Type=simple, systemd inakuhesabu umewaka mara tu mchakato wako ulipozaliwa, kabla Python haijasoma hata mstari wa kwanza. Kumbuka tu kwamba usipotuma READY=1 ndani ya sekunde 90 za kawaida, utahesabiwa umeshindwa; basi usiifungie tangazo hilo kwenye hifadhidata ya mbali.

Mama, salamu. Mimi ni mzee, nilianza na mifumo ya zamani ambapo hati yenye namba S20 ilitangulia ya S35 na mambo yakaenda. Parokia yetu ya Katuba ina seva ya FreeBSD. Huko haya mambo ya shabaha hayapo. Tunafanyaje?

Papa, salamu nyingi. Zile namba zilitusaidia kwa sababu iliyojificha: hati moja ilisubiri nyingine imalize, kwa hiyo aliyechelewa aliwachelewesha wote na makosa ya mpangilio hayakuonekana. systemd ilipokuja mwaka 2010 na kuwasha huduma kwa pamoja, yaliyokuwa yamefichwa na foleni yakatoka nje.

FreeBSD si Linux, na haina namba wala shabaha. Kila hati ndani ya /etc/rc.d inajieleza kwa mistari ya PROVIDE, REQUIRE na BEFORE, na programu iitwayo rcorder inazisoma na kuzipanga. Utaratibu huo ulitoka kwa mfumo ndugu, NetBSD 1.5 ya mwaka 2000, nao ni rahisi kuusoma kwa macho, sifa ninayoiheshimu sana. Kwenye hati ya huduma yenu andika REQUIRE: NETWORKING. Hilo lina udhaifu ule ule wa sufuria juu ya mbabula, kwa hiyo kwenye /etc/rc.conf ongeza netwait_enable="YES" na netwait_ip="192.168.1.1", ukiweka anwani ya ruta ya parokia. Itaipima ruta kwa ping mpaka ijibu, kwa kikomo cha sekunde 60 ambacho unaweza kukirefusha kwa netwait_timeout. Kwa ruta iliyochoka mimi huweka 180. Kama anwani ya seva inatoka DHCP, yaani inagawiwa na ruta, ongeza pia synchronous_dhclient="YES".

Ukimaliza, andika rcorder /etc/rc.d/* /usr/local/etc/rc.d/* na usome orodha kutoka juu kwenda chini. Tafuta netwait, halafu utafute huduma yenu. Ikiwa chini yake, kata umeme wa chumba kizima na ujaribu.